Gari linapoandika kwamba mawasiliano yamepotea: namna ya kuisaka hitilafu kwenye mtandao wa CAN

Kompyuta ndogo za gari, yaani moduli, huzungumza kupitia mtandao wa waya uitwao CAN, na moja isiposikika nyingine huandika msimbo wa hitilafu. Msimbo U0121 hausemi kwamba moduli ya ABS, ile ya breki zinazozuia magurudumu kujifunga, imekufa. Unasema kwamba moduli nyingine ilikuwa ikisubiri ujumbe kutoka ABS, muda wake ukapita, na haikusikia kitu. Moduli iliyoandika msimbo ni shahidi tu. Inayotajwa ndiyo isiyosikika. Huenda haina umeme, huenda haina athi (njia ya kurudi kwenye hasi ya betri), huenda waya za mtandao zimekatika au zimeshikana, au kweli imeharibika ndani. Sababu hiyo ya mwisho ndiyo adimu kuliko zote, na ajabu ni kwamba ndiyo watu wanayoanza nayo kwa kununua moduli mpya.

Anza na betri. Ikiwa imetulia na inasoma chini ya volti 12.4, ichaji kabla ya kugusa kitu kingine. Injini inapopigwa stata na volti zikashuka chini ya 9.6 hivi, baadhi ya moduli huzima katikati ya mazungumzo na wenzake huandika misimbo inayoanza na U kwa wingi. Gari la namna hiyo linaweza kuonyesha misimbo kumi na zaidi bila waya hata mmoja kuwa na kasoro. Nakili misimbo yote, ifute, washa gari, kisha soma upya. Inayorudi ndiyo ya kufuatilia.

Sikiliza mashahidi wote

Usisome moduli ya injini peke yake. Pitisha skana, kifaa cha kusomea misimbo, kwenye mtandao mzima, kisha andika kwenye karatasi moduli zipi zinajibu, zipi hazijibu, na nani anamlalamikia nani. U0100 inataja injini, U0101 giaboksi, U0121 ABS, U0140 moduli ya bodi, U0155 dashibodi. Angalizo moja: skana nyingi huorodhesha moduli ambazo gari hilo halikufungiwa kiwandani. Kutojibu kwa moduli isiyokuwepo si hitilafu.

Karatasi hiyo hukuonyesha pa kwenda. Moduli moja ikiwa kimya na wengine wote wanailalamikia, shida iko kwake au kwenye tawi la waya linaloenda kwake. Moduli moja ikiwalalamikia wote ilhali wenyewe wanasikilizana vizuri, basi hiyo inayolalamika ndiyo iliyotengwa. Zikinyamaza kadhaa kwa pamoja, fungua mchoro wa waya utafute wanachoshiriki: fyuzi, sehemu ya athi, au kiungo cha waya. Na skana ikishindwa kuongea na yeyote, anzia kwenye soketi ya uchunguzi yenyewe, ile unayochomeka skana: pini 16 iwe na umeme wa betri, pini 4 na 5 ziwe athi. Kwenye magari mengi fyuzi ya pini 16 ndiyo hiyo hiyo ya kiberiti cha sigara, kwa hiyo chaja mbovu ya simu inaweza kuinyamazisha skana.

Umeme na athi, chini ya mzigo

Chomoa plagi ya moduli iliyo kimya. Multimita peke yake haitoshi hapa, kwa sababu waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12 kama hauvuti mzigo. Chukua balbu ya wati 21, inayovuta karibu ampea 1.75, uiunganishe kati ya pini ya umeme na pini ya athi upande wa waya. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, njia hiyo ni nzima. Ikififia, pima kila upande peke yake kwa kulinganisha na betri. Jaribu kila pini ya umeme: moduli nyingi zina umeme wa kudumu na mwingine unaokuja funguo inapowashwa, na kukosa mmoja kunatosha kuinyamazisha.

Kisha rudisha plagi, washa gari, na upime kati ya hasi ya betri na pini ya athi ukiingilia kwa nyuma ya plagi. Usomaji mzuri ni chini ya volti 0.1. Usisukume ncha nene ya multimita ndani ya tundu la pini. Tundu likipanuka, umeongeza hitilafu ya pili, na hiyo itakuja na kuondoka kila gari linapotikisika.

Balbu hiyo isiguse kamwe waya za CAN.

Omu kabla ya volti

CAN ya kasi hutumia waya mbili zilizosokotwa, CAN-H na CAN-L, ambazo kwenye soketi ya uchunguzi ni pini 6 na 14. Kila mwisho wa mtandao una rezista ya omu 120, mara nyingi ndani ya moduli. Zikipimwa kwa pamoja zinatoa omu 60. Chomoa hasi ya betri, subiri dakika kadhaa moduli zilale, kisha pima kati ya pini hizo mbili.

Ukipata 60 hivi, rezista zote mbili zinaonekana. Ukipata 120, moja imepotea: waya umekatika mahali fulani, au moduli ya mwisho imechomolewa. Karibu 40 maana yake kuna rezista ya tatu, kwa kawaida moduli isiyo ya gari hilo au kifaa kilichoongezwa baadaye. Ukipata sifuri au omu chache, waya mbili zimeshikana. Usomaji usio na kikomo ni waya uliokatika karibu na soketi, au gari ambalo pini hizo hazitumiki kwa CAN.

Kipimo hiki kina mtego. Magari mengi ya sasa yana moduli ya lango kati ya soketi na mitandao mingine. Pini 6 na 14 zikiishia langoni, omu 60 unazosoma ni za kipande hicho kifupi tu, na mtandao wa injini au wa bodi unaweza kuwa umekatika vipande bila wewe kuona. Soma mchoro kwanza, na ukihitaji, pima kwenye plagi ya lango kwa kila mtandao.

Omu 60 pia hazithibitishi kwamba waya haujagusana na athi au na umeme. Kwa hilo rudisha betri na uwashe funguo. Mtandao ukiwa kimya, waya zote mbili hukaa volti 2.5. Ujumbe unapopita, CAN-H hupanda hadi 3.5 na CAN-L hushuka hadi 1.5. Multimita huonyesha wastani, kwa hiyo tarajia kama 2.6 hadi 2.8 kwenye H na 2.2 hadi 2.4 kwenye L, jumla ikikaribia 5. H ikisoma sifuri, imeshika athi. Waya ukisoma volti za betri, umeshika umeme. Zote zikiganda kwenye 2.5 kamili, ama hakuna anayeongea, ama H na L zimeshikana.

Osiloskopu, kifaa kinachochora volti zinavyopanda na kushuka, huonyesha zaidi. Kwa kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde, biti moja huchukua mikrosekunde 2. Pande za mawimbi ziwe wima, na H na L zifanane kama kitu na kivuli chake kwenye kioo. Pembe za mviringo au mikia inayochelewa kushuka huashiria rezista iliyopotea.

Kumtenga mkosaji

Mtandao mzima ukiwa umelala kwa sababu ya shoti, unganisha multimita au osiloskopu kwenye pini 6 na 14, kisha chomoa moduli moja moja ukitazama. Volti zikirudi kawaida, moduli hiyo au tawi lake ndilo lenye shoti. Kama gari lina kiungo cha kati cha CAN, anzia hapo, maana unatenga nusu ya mtandao kwa mara moja. Kumbuka kwamba moduli ya mwisho ikichomolewa, omu zitapanda hadi 120, na hilo ni la kawaida. Kwenye magari ambayo CAN inaingia na kutoka kwenye moduli, kuchomoa moja kunawanyamazisha wote walio mbele yake. Kabla ya kugusa plagi ya eabegi, chomoa betri na usubiri muda aliouweka mtengenezaji.

Vifaa vya nyongeza vishukiwe mapema: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, redio isiyo ya kiwandani. Wafungaji wengi huchubua waya za CAN na kuzungushia tepu. Baada ya hapo angalia kutu ya kijani kwenye plagi zilizo chini ya zulia na ndani ya mpira unaopitisha waya kwenye mlango.

Waya wa CAN ukiurekebisha, kata H na L sehemu tofauti ili viungo visigusane, lehemu, funika kila kimoja peke yake, na urudishe msokoto. Sehemu isiyosokotwa isizidi sentimita 5 hivi, kwa kuwa msokoto ndio unaozuia kelele za umeme.

Moduli ikiwa na umeme unaobeba mzigo, athi safi, na ishara nzuri ya CAN kwenye pini zake mwenyewe, na bado haijibu, sasa unaweza kuihukumu. Kabla ya kununua, hakikisha namba ya sehemu na uwezo wa kuiprogramu: moduli iliyotumika hubeba mara nyingi namba ya chasisi na mipangilio ya gari la awali, na isipobadilishwa huenda gari likakataa kuwaka.