Kabla ya kutega mvua Changamwe: mambo ya kuweka sawa mapema

Unategea mvua kwenye chupa ili kujua moshi wa viwanda, meli na malori umeitia asidi kiasi gani. Mvua ambayo haijaguswa na moshi husoma pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ya karibu 5.6, kwa sababu ya kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka ndani yake. Mombasa namba hiyo peke yake hupotosha. Vumbi la matumbawe na saruji huipooza asidi kabla hujaipima, hivyo maji yanaweza kusoma 6.5 ilhali yamebeba salfeti tele, yaani mabaki ya salfa ya moshi. Kabla ya masika, kubaliana na maabara ipime salfeti, nitreti, kalsiamu na sodiamu, na uulize inahitaji mililita ngapi.

Sodiamu ndiyo huachwa na wengi. Chumvi ya bahari huja na salfeti yake: kila miligramu 1 ya sodiamu huandamana na miligramu 0.25 za salfeti. Sampuli ikitoka na salfeti miligramu 2.4 na sodiamu 6 kwa lita, 1.5 ni ya bahari, 0.9 iliyobaki ndiyo ya kuuliziwa viwanda, meli na malori. Bila hesabu hiyo utakuwa unavishtaki viwanda kwa salfeti ya bahari.

Kusi husukuma moshi wa Kipevu na Changamwe kuelekea Jomvu na Miritini. Kaskazi huugeuzia Dongo Kundu. Kwa hiyo kituo kimoja hakitoshi: kingine kikae upande upepo unakotoka. Mti au ukuta uwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake, na mdomo wa faneli uwe mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini, mbali na jaa linalochomwa.

Faneli yenye kipenyo cha sentimita 20 hupata takriban mililita 31 kwa kila milimita 1 ya mvua, kwa hiyo manyunyu hayatatosha vipimo vyote. Tumia chupa mpya za polietilini, si jerikeni lililowahi kuwa na sabuni. Zisuuze kwa maji yaliyoondolewa madini hadi ya mwisho yasome chini ya mikrosimensi 2 kwa sentimita (kipimo cha upitishaji umeme: maji safi hupitisha kidogo). Maji ya betri ya dukani yapime kwanza. Faneli ifunikwe hadi mvua ianze, na izungushiwe pete ya waya juu, maana kunguru wa Mombasa hawana adabu na kinyesi chao huongeza amonia. Mara kwa mara pitisha maji safi kwenye faneli kavu, uyapeleke maabara kama sampuli: yakirudi na salfeti, uchafu ni wako.

Kusanya kila siku saa tatu asubuhi, kisha weka kwenye friji, nyuzi 4. Chupa ikikaa juani, bakteria hula asidi za kikaboni na pH hupanda. Kipima pH kisahihishwe kwa miyeyusho ya 4.01 na 7.00. Upitishaji umeme upimwe kwenye kikombe tofauti, kwani kijiti cha pH huvujisha chumvi. Mvua ina ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) chache, namba huyumba, subiri itulie.

Mwisho, omba kiwandani daftari la mafuta: tarehe, tani na asilimia ya salfa. Tani 1 yenye salfa asilimia 2 hutoa kilo 40 za salfa dayoksaidi, yenye 0.5, kikomo cha meli zisizo na mtambo wa kuosha moshi tangu 1 Januari 2020, hutoa 10. Liombe kabla ya mvua ya kwanza, kwani matokeo mabaya yakishatoka huwa halionekani upesi.