Mgeni Lamu, shika njia moja
Kama umehamia Lamu juzi na bado unajiona mgeni: chagua njia moja ya kwenda sokoni, uipite kila siku baada ya alasiri, na utoe salamu kila baraza yenye watu. Vichochoro vya hapa ni vyembamba, punda mwenye mzigo akipita mnabanana ukutani, kwa hiyo uso huzoeleka upesi. Mimi siku ya tisa mzee mmoja alikunja miguu, akapigapiga baraza kwa kiganja: "Kaa hapa, mwanangu." Jioni ile nikamjua fundi wa mabomba na wapi hushushwa samaki. Haifai Ramadhani magharibi ikikaribia, watu wanawahi kufuturu. Wala ukisalimu huku macho yako kwenye simu.