Wape simu watengeneze wenyewe: namna ya kufundisha vijana kuzisoma habari

Kama ushawahi kusimama mbele ya vijana ukawaambia "jamani msiamini kila mnachokiona mtandaoni" basi unajua kinachofuata, wanaitikia ndiyoooo kwa pamoja alafu dakika kumi baadae mmoja anakuonyesha video ya papa anaogelea barabarani kwenye mafuriko na anakuapia kabisa kwamba ni kweli. Mimi hiyo njia ya kuhubiri nishaachana nayo. Siku hizi nawapa simu watengeneze wenyewe, mana kijana akishakata video kwa mkono wake hatazami tena video kama zamani, macho yanaanza yenyewe kutafuta pale ilipokatwa.

Vifaa visikutishe. Simu moja kwa watu wanne inatosha, na programu yoyote ya kuediti ya bure, CapCut au hata ile iliyokuja na simu. Wagawe kazi: mmoja anashika kamera, mmoja anauliza maswali, mmoja anaediti, na wa nne ni mtu wa daftari. Huyu wa daftari ndo kila mtu anamkimbia kazi yake na ndo muhimu kuliko wote. Kazi yake ni kuandika kila kitu kilichotupwa na sababu ya kukitupa, yaani "tumekata pale anapocheka kwasababu ilikuwa ndefu", hivohivo kwa lugha yao. Zoezi lolote utakaloruka usiruke daftari.

Anza na picha tu, usikimbilie video. Chukua watu kumi, watawanye ukumbini, alafu waambie kundi la kwanza lipige picha ionekane ukumbi umefurika na kundi la pili ionekane hamna watu. Wataparangana kidogo alafu watagundua wenyewe: ukisimama mbali, ukashusha simu mpaka kimo cha mabega, ukavuta zumu, watu wanaonekana wamebanana kama wanagombea mlango. Ukipanda kwenye kiti ukapiga kutoka juu, sakafu tupu yote inaonekana. Hapa wengi wanasema zumu ndo inadanganya, warekebishe, kinachofanya kazi ni ule umbali uliosimama, ukiwa mbali tofauti kati ya aliye mbele na aliye nyuma inapungua machoni. Zumu inakata tu pembeni. Picha zote mbili ni za kweli, hakuna aliyeongezwa wala kufutwa, na hilo ndo unalotaka wakae nalo usiku.

Zoezi la pili ni la zamani sana na bado linafanya kazi. Karibu miaka 100 iliyopita huko Urusi, mtengeneza filamu Lev Kuleshov alichukua uso wa mwigizaji mmoja, uso uleule usio na hisia yoyote, akauunganisha na picha tofautitofauti, bakuli la supu, jeneza, mwanamke. Inasimuliwa watazamaji walisifia jinsi jamaa anavyoigiza njaa, na huzuni, na hamu, wakati uso ulikuwa mmoja! Nyie fanyeni hivi: kijana mmoja atazame kamera sekunde tano bila kucheka (hapa mtapoteza nusu saa, vumilia tu), alafu unganisheni na kiti kitupu, na simu inayoita, na karatasi ya matokeo ya mtihani. Angalizo moja, usiwaonyeshe watu walewale matoleo yote matatu, wataushtukia mchezo. Kila toleo na watazamaji wake, waandike huyu mtu anawaza nini, ndo mkutane kulinganisha.

Sasa zoezi kubwa, na hili lipe muda wa kutosha hata siku mbili. Tukio moja habari mbili. Chagueni shughuli yoyote inayofanyika kweli, mechi, mkutano, sherehe ya kufunga muhula, rekodini klipu za kutosha pamoja na mahojiano ya watu watatu kama dakika tano kila mmoja. Mzigo uleule wape makundi mawili, la kwanza litengeneze habari ya dakika moja kwamba shughuli ilifana, la pili kwamba ilidoda. Sheria ni moja tu: hakuna kuigiza, hakuna kuongeza kitu kisichorekodiwa siku ile. Alafu waite waliohojiwa waje waangalie.

Hapo ndo somo lilipo. Kuna kijana alihojiwa akasema "mwanzo nilichoka nikataka hata kuondoka ila ngoma ilivyoanza nikafurahi sana", kundi la pili likabakisha "nilichoka nikataka hata kuondoka", basi. Akaja juu kweli, "mimi sijasema hivyo!" na wenzake wanamjibu "umesema, si sauti yako hiyo?" Na wote wako sahihi. Mimi nilikaa kimya makusudi, nawe kaa kimya, usiwahi kuingilia kueleza. Wakishapoa ndo unafungua daftari mnasoma pamoja: nini kilitupwa, nani aliamua, na nani hakuhojiwa kabisa tangu mwanzo. Hilo swali la mwisho huwa linawapata wote, mana mara nyingi utakuta waliorekodi wamehoji marafiki zao tu.

Vijana watakuomba watengeneze habari feki kabisa. Wakubalie ila kwa masharti. Neno ZOEZI liandikwe kubwa katikati ya picha, sio kwenye kona, kona inakatwa kirahisi. Isitumwe kwa mtu nje ya kundi, hata kwa utani, na mkimaliza mnafuta. Na sura au sauti ya mtu halisi kuchezewa na akili mnemba mimi siruhusu kabisa, hata ya mwalimu aliyekubali. Ukitaka waelewe kwanini, wasimulie ya Cottingley, Uingereza, mwaka 1917: mabinti wawili wa ukoo mmoja, wa miaka 16 na 9, walikata vijitu vyenye mabawa kwenye karatasi, wakavisimamisha kwa pini wakapiga navyo picha. Mzaha wa nyumbani tu. Ukamfikia Arthur Conan Doyle, ndiyo yule mwandishi wa Sherlock Holmes, akaamini vijitu hivyo ni viumbe wa kweli, akazitoa picha kwenye jarida kama ushahidi. Wenyewe wamekuja kukiri mwaka 1983 wakiwa vikongwe. Kitu kikishatoka mkononi hukirudishi.

Ruhusa nayo usiipuuze, kabla hamjarekodi mtu mwombeni, na kwa walio chini ya miaka 18 mzazi au mlezi asaini, hata kama mnasema hamtapostia.

Kuna shimo moja nililitumbukia mwanzoni. Nilikuwa naishia kwenye hila tu, vijana wakatoka wanasema "aa kumbe kila kitu uongo". Huo nao ni uvivu, ni njia nyingine ya kutojisumbua kufikiri. Kwahiyo sasa hivi nafunga na kazi ya ukweli: ripoti fupi ya jambo linalowahusu, kila dai liwe na watu wawili waliolishuhudia, majina yahakikishwe herufi kwa herufi, picha yoyote waliyopewa waitafute kwa Google Lens au TinEye (zana za kutafuta picha mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe) waone kama ilishatoka zamani mahali pengine. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida inapoteza taarifa zake za ndani kama tarehe na mahali ilipopigwa, kwahiyo waombe itumwe kama faili. Na kosa litakuwepo tu, lazima, likipatikana walisahihishe palepale ilipoonekana ripoti, wazi, sio kufuta kimyakimya. Nimeona kijana aliyesahihisha kosa lake mbele za watu anavyokuwa mgumu kufowadi kitu hovyo.

Maksi usitoe kwa uzuri wa video, utawazawadia wenye simu nzuri. Toa kwa daftari.

Kujua kama imeingia, subiri wiki tatu nne wasahau, alafu waonyeshe klipu yoyote iliyosambaa bila kusema chochote. Wakiuliza tu "ni feki au ni kweli?" rudi nao kwenye tukio moja habari mbili. Wakianza "kamera ilikuwa wapi hapo, na kabla ya hiyo sentensi alisema nini", wape simu waanze ripoti nyingine.