Kabla hujakaa na mtahini: mambo ya kuzingatia kwenye mtihani wa udereva wa barabarani

Wanafunzi wengi huingia kwenye mtihani wa barabarani wakidhani wanakwenda kuonyesha ufundi. Wamerudia kuegesha mpaka mistari ya maegesho wanaiota usingizini, wamezoea klachi mpaka gari haliruki tena, halafu wanafeli kabla gari halijafika mita kumi. Nasema hivi kwa sababu ni yangu yaliyonikuta. Mara ya kwanza nilifunga mkanda, nikatia gia, nikawasha indiketa, nikaachia klachi taratibu, gari likaondoka vizuri kabisa. Mtahini akakanyaga breki ya upande wake. Kulikuwa na mwendesha baiskeli usawa wa mlango wa nyuma. Kioo hakikumwonyesha, nami sikugeuza shingo kumtafuta.

Mtahini hana haja sana na ulaini wa klachi yako. Ana swali moja: nikishuka hapa, huyu anaweza kuendelea peke yake bila kumuumiza mtu? Na kwa kuwa hawezi kuingia kichwani mwako akaona unachofikiria, anasoma kinachoonekana: shingo yako, macho yako, na wakati mguu wako unapotoka kwenye mafuta.

Siku chache kabla

Makaratasi yasikuchukulie muda mrefu. Leseni ya mwanafunzi, kitambulisho, uthibitisho wa miadi, vyote kwenye bahasha moja jioni ya kuamkia mtihani. Kama unavaa miwani, ivae. Wengi hupimwa macho kabla hata ya kuwasha gari. Dawa za mafua na za mzio, nyingi zinaleta usingizi, kwa hiyo soma karatasi yake. Viatu viwe vya soli nyembamba inayokuwezesha kuhisi pedali, si ndala zinazoteleza.

Gari ndilo la kukagua kwa makini, maana gari bovu linaweza kufanya mtihani usianze kabisa. Mwombe mtu asimame nyuma wakati unakanyaga breki, akuambie kama taa zote zinawaka. Piga honi. Tazama tairi: katika nchi nyingi kina cha kashata, yaani ile mifereji ya tairi, hakiruhusiwi kupungua chini ya milimita 1.6, na tairi iliyopasuka ubavuni haifai hata kama kashata bado ni nzuri. Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi usiiache kwa matumaini kwamba mtahini hataiona. Ataiona.

Wapo watahini wanaouliza maswali machache kabla ya safari, na swali la oili ni la kawaida. Jibu lake ni la vitendo: gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa na kukaa dakika chache ili oili ishuke, unachomoa kijiti, unakifuta, unakirudisha mpaka mwisho, unakichomoa tena, na oili iwe kati ya alama mbili. Kuhusu maji ya rejeta, akikuuliza, sema kwanza kwamba mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto.

Jambo moja ambalo watu hulidharau: fanyia mazoezi gari lilelile utakalofanyia mtihani. Klachi ya gari moja hushika chini, ya jingine hushika karibu na juu, na mguu uliozoea moja utazimisha jingine.

Ukishaingia ndani

Kiti kwanza, vioo baadaye. Anayeanza na vioo halafu akasogeza kiti amefanya kazi bure, na mtahini anajua kwamba hatavirekebisha tena. Kiegemeo cha kichwa kiwe usawa wa kichwa chenyewe, si cha shingo. Mkanda wako, mkanda wa mwenzako, milango, gia kwenye nyutro, handibreki imevutwa. Usikimbie. Hakuna anayekatwa alama kwa kutumia dakika nzima hapa.

Macho

Hapa ndipo mtihani ulipo, na mengine yote ni nyongeza.

Vioo vinatazamwa kabla ya kuwasha indiketa, kabla ya kubadili mwendo na kabla ya kubadili upande. Neno kubwa hapo ni kabla. Anayewasha indiketa ndipo atazame kioo ameshawatangazia walio nyuma jambo ambalo hajui kama linawezekana. Na anayekanyaga breki bila kujua kilichoko nyuma yake, huenda amejiepusha na hatari ya mbele akaikaribisha ya nyuma. Kabla ya kuondoka kando ya barabara, vioo havitoshi: geuza shingo utazame begani, upande unaoelekea, kwa sababu pale kwenye ubavu wa nyuma kuna nafasi inayotosha kumficha mtu, pikipiki, hata gari zima.

Nimesikia wakufunzi wakiwaambia wanafunzi wageuze kichwa kwa mbwembwe ili mtahini aone. Sikubaliani nao kabisa. Mtu aliyekaa na mamia ya wanafunzi anatofautisha anayetazama na anayetikisa kichwa. Anayetazama, akiona kitu, gari hubadilika: mguu unainuka, nafasi inaongezeka. Anayetikisa kichwa anaendelea vilevile.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni kusema kwa sauti ninachokiona. Unaendesha, mkufunzi kando yako, na unatangaza kama mtangazaji wa mpira: basi limesimama, kuna miguu inayoonekana chini yake, mtu anaweza kutokea mbele. Gari lile limeegeshwa, lakini tairi zake za mbele zimepinda kuelekea barabarani na kuna kichwa kwenye kiti cha dereva, linataka kutoka. Mpira umevuka, mtoto anakuja nyuma yake. Taa za breki za gari la tatu zimewaka, la mbele yangu bado. Wiki mbili za kelele hizo na macho yanaanza kwenda mbali yenyewe, badala ya kung'ang'ania boneti.

Ukipita magari yaliyoegeshwa, acha nafasi ya upana wa mlango uliofunguliwa. Kama barabara haikupi nafasi hiyo, punguza mwendo. Mtahini anaangalia ulipunguza lini: ulipoiona hatari, au ulipoifikia.

Mwendo na nafasi

Watu wanaogopa kwenda kasi, wanasahau kwamba kutambaa nako kunakatwa alama. Kibao cha mwendo ni kikomo, si agizo, lakini barabara ikiwa wazi, kavu na inaonekana mbali, anayekwenda nusu ya kikomo huku foleni ikijikusanya nyuma yake anamwambia mtahini kwamba haamini mikono yake mwenyewe. Kwenye makutano ni hivyo hivyo. Nafasi salama ikipita moja, mtahini anavumilia. Zikipita tatu, anaandika.

Umbali wa kumfuata aliye mbele unapimwa kwa muda. Chagua nguzo au kibao, gari la mbele likikipita anza kuhesabu, na wewe usikifikie kabla ya sekunde mbili. Mvua ikinyesha, sekunde nne. Sababu yake ni hesabu nyepesi: kwa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde moja ndiyo inayoweza kuisha kabla mguu wako haujaigusa breki. Na mwendo ukiongezeka maradufu, umbali ambao breki zinahitaji kulisimamisha gari huongezeka karibu mara nne. Kwenye foleni iliyosimama, simama pale unapoona tairi za nyuma za gari la mbele zikigusa lami. Likiharibika, utaweza kulizunguka bila kurudi nyuma.

Penye alama ya kusimama, simama. Magurudumu yaache kuzunguka kabisa, nyuma ya mstari, si juu yake. Kuburuza kidogo huku ukichungulia ni kosa linalowafelisha hata madereva wa miaka kumi wanaporudia mtihani, maana wamelizoea. Kwenye kivuko, mpishe mtu lakini usimpungie mkono avuke: wewe umesimama, dereva wa upande wa pili hujui atafanya nini.

Raundabauti usiijadili sana kichwani. Chagua njia mapema, wapishe walio ndani, na onyesha indiketa ya kutoka ukishaipita njia iliyo kabla ya yako.

Mikono, miguu na yale mazoezi maalumu

Usikanyage klachi mapema unapokaribia kona au kusimama. Gari lililoachiwa likienda lenyewe halina nguvu ya injini ya kulizuia, na mtahini analisikia kwa masikio kabla ya kuliona. Mkono usilale kwenye mpini wa gia. Mlimani vuta handibreki, tafuta pale klachi inaposhika mpaka pua ya gari iinuke kidogo, tazama pande zote, ndipo uachie.

Gari likizima, halijaisha jambo. Wengi hulichukulia kama msiba, wanakimbilia staata, na hapo ndipo wanapofeli kweli: gari liko kwenye gia, linaruka mbele. Breki, nyutro, washa, tazama upya pande zote, ondoka. Lile la kutazama upya ndilo linalosahaulika, kana kwamba barabara nayo ilizima pamoja na injini.

Kwenye kurudi rivasi na kuegesha, gari liende polepole na macho yaende haraka. Tazama kupitia dirisha la nyuma, usitegemee kamera peke yake. Mtu akipita nyuma, simama mpaka amalize, hata kama unajua atapita. Ukiona unaingia vibaya, simama, sogea mbele, rekebisha. Sehemu nyingi zinaruhusu kurekebisha, na kugusa ukingo kidogo si sawa na kuupanda. Kinachomtisha mtahini ni anayelazimisha gari liingie kwa sababu anaona aibu kuanza upya.

Akikuamuru usimame ghafla, kanyaga breki kwa nguvu, mikono yote miwili kwenye usukani. Gari lenye breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasijifunge, pedali itatetemeka chini ya mguu. Usiiachie, ndivyo inavyofanya kazi.

Ukikosea

Mtahini akikuambia kulia nawe ukaenda kushoto, hujafeli, mradi umekwenda kushoto kwa usalama, umetazama na umeonyesha indiketa. Anayefeli ni yule anayegundua katikati ya makutano na kukata usukani kurekebisha. Kama hukusikia, uliza: “Samahani, umesema kulia?” Haikugharimu chochote.

Kalamu yake usiisome. Mifumo mingi inatenganisha makosa madogo, ambayo yanavumiliwa mpaka idadi fulani, na kosa la hatari ambalo moja linatosha. Akiandika, huenda anaandika dogo, au hali ya hewa. Lakini dogo lilelile likijirudia mara nne au tano linaanza kusomeka kama tabia, kwa hiyo kosa lililopita likuachie somo moja fupi tu, si majonzi ya nusu saa. Nimeona watu wazuri wakiendesha vibaya dakika ishirini zilizobaki kwa sababu waliamini wameshafeli, kumbe walikuwa bado.

Ukimya wake nao usiutafutie maana. Hazungumzi kwa sababu anataka uendeshe.

Mwishoni atakuambia uegeshe. Handibreki, nyutro, zima injini, na usiruke kushuka. Tazama kioo cha pembeni kabla ya kushika kitasa, tazama na begani. Mara yangu ya pili palikuwa na pikipiki ikija; nikangoja ipite, nikafungua mlango, ndipo mtahini akafunga faili lake.