Vlychada, Santorini: jinsi ya kufurahia mchanga mweusi bila msongamano

Wanaotafuta mchanga mweusi Santorini, kisiwa cha Ugiriki, huelekezwa fukwe za Kamari au Perissa, na wakifika hukuta miavuli imepangwa safu kwa safu hadi karibu na maji. Ufuo wa Vlychada uko pwani ya kusini, kiasi cha kilomita 10 kutoka Fira, mji mkuu wa kisiwa. Nao una miavuli, ila ni kwenye kipande cha mwanzo tu. Baada ya hapo ufuo unaendelea mrefu chini ya magenge meupe yaliyochongwa na upepo na mvua. Utulivu wa hapa hauko langoni, uko mbele, na unaufuata kwa miguu.

Chagua mwezi kwanza. Juni na Septemba ndiyo miezi mizuri. Julai na Agosti watu ni wengi, bei ziko juu, na upepo wa kaskazini uitwao meltemi huvuma siku kadhaa mfululizo. Kwa kuwa Vlychada inatazama kusini, magenge yanaikinga, na maji yanaweza kuwa shwari wakati fukwe za kaskazini kama Baxedes na Koloumpos zinachafuka. Tazama utabiri wa upepo usiku uliotangulia: ukisoma kaskazini, nenda, ukisoma kusini, mawimbi yatakuja moja kwa moja ufuoni, afadhali upange kitu kingine. Meltemi ikiwa kali sana, vumbi la majivu ya volkano humwagika kutoka juu ya magenge na kuingia machoni, hivyo miwani ya jua si urembo.

Wasafiri wa kutoka Afrika Mashariki waombe mapema visa ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya ambalo Ugiriki imo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima ifidie angalau yuro 30,000. Kutoka Athens unapanda ndege, au feri kutoka bandari ya Piraeus. Feri ya kawaida huchukua saa 7 hadi 8, ya kasi kama saa 5.

Mabasi yote ya kisiwa huanzia stendi ya Fira. Ya Vlychada ni machache kuliko ya Perissa, kwa hiyo ukishafika stendi piga picha ubao wa ratiba, hasa safari ya mwisho ya kurudi. Ratiba huandikwa kwa mtindo wa saa 24: 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni. Wakati wa kiangazi saa ya Ugiriki ni sawa kabisa na ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo simu haihitaji kurekebishwa, ni macho tu yatakayoshangaa: mwishoni mwa Juni jua linatua kama saa mbili na nusu usiku. Beba sarafu za nauli. Meli za kitalii zikitia nanga chini ya Fira, stendi hufurika tangu asubuhi. Ratiba ya meli hizo iko wazi mtandaoni, chagua siku yenye meli chache.

Ukikodi gari, beba kibali cha kimataifa cha udereva pamoja na leseni yako. Zile pikipiki za magurudumu manne zinapendwa sana na zinapinduka kirahisi kwenye kona zenye changarawe. Gari dogo ni bora, tena lina kivuli.

Fika kabla ya saa nne asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Kati ya hapo mchanga mweusi hunywa joto lote la jua na kuunguza nyayo ndani ya hatua chache. Kandambili hazitoshi, kwa sababu mchanga hupanda na kukaa kati ya vidole. Vaa viatu vya majini vyenye soli ngumu, maana pia ukingoni mwa maji kuna kokoto. Chukua mkeka mnene badala ya kanga peke yake, mwavuli wako, losheni ya jua, na maji lita 2 kwa kila mtu. Nunua maji ya chupa, kwani ya bombani Santorini kwa kawaida hayanywewi. Spika na vifaa vyenye sumaku vifunge kwenye mfuko: mchanga wa volkano una chembe za chuma zinazong'ang'ania sumaku, na kuzitoa ni kazi.

Ukishashuka, itazame bahari, kisha fuata mkono wa kulia. Pita miavuli ya kukodi, endelea dakika 10 au 15. Mbele zaidi huwa kuna watu wanaoota jua bila nguo. Kama una watoto au hupendi, simama kabla. Ufuo ni mali ya umma, kutandika mkeka hakulipiwi.

Usikae chini ya genge, hata kama ndiko kwenye kivuli. Ile ni pumisi (mawe mepesi ya volkano) na majivu ya mlipuko mkubwa wa karne ya 17 au 16 kabla ya Kristo, si mwamba mgumu. Humeguka bila onyo. Weka mkeka upande wa maji, na usiwaruhusu watoto kupanda wala kuchimba ukutani.

Aliyezoea pwani ya Mombasa au Unguja atauliza maji yanajaa saa ngapi. Hapa swali hilo halina kazi: kujaa na kupwa ni kwa sentimita tu. Kinachobadilisha ufuo ni mawimbi ya upepo, na hakuna mwamba wa matumbawe nje wa kuyavunja. Kina nacho huongezeka haraka, kwa hiyo asiyejua kuogelea aishie maji ya magotini. Tarajia baridi kidogo pia; hata Agosti bahari iko nyuzi 24 au 25 hivi.

Chakula kipo kwenye migahawa ya samaki karibu na bandari ndogo ya boti. Jirani kuna kiwanda cha zamani cha nyanya kilichogeuzwa makumbusho, mahali pazuri pa kujificha jua la saa saba mchana.

Usichukue mchanga wala mawe, sheria inakataza. Teksi ni chache, kwa hiyo anza kurudi kituoni dakika 20 kabla ya basi. Dharura yoyote, piga 112.