Somo: tengeneza abakasi ya shanga za karatasi, uhesabie pesa za duka

Wadau, habari zenu. Shanga za karatasi tunazifahamu hapa Uganda kama mapambo. Akina mama wa Acholi Quarters kule Banda, Kampala, wanazivingirisha miaka na miaka na kuwauzia watalii. Leo tutazitumia kwa hesabu. Kalenda ya mwaka jana, spoki kuukuu za baiskeli na vipande vya mbao vinatosha kupata abakasi kamili, yaani fremu ya shanga za kuhesabia. Na yeyote aliyewahi kurudisha chenji sokoni tayari anajua nusu ya somo hili.

Nafuata mtindo wa Kijapani uitwao soroban: kila spoki ina ushanga mmoja juu na shanga nne chini. Suanpan ya Wachina ina mbili juu na tano chini. Schoty ya Warusi ina shanga kumi kumi kwenye nyaya zilizolala. Zote zinahesabu vizuri, ila ya Kijapani inaendana na shilingi yetu kuliko zote, mtaona hatua ya 3. Wala mpangilio huo si wa jana: abakasi ndogo ya mkononi ya Warumi wa kale ilikuwa na kifungo kimoja juu na vinne chini, vikiteleza kwenye mifereji. Wengine wa zamani walisogeza kokoto kwenye mistari tu. Bamba la marumaru la aina hiyo lilipatikana mwaka 1846 katika kisiwa cha Salamis, Ugiriki, na lina urefu wa karibu mita moja na nusu.

Hatua ya 1: Shanga

Unahitaji shanga 35 kwa spoki saba. Kata karatasi ya kalenda, ile nzito inayong'aa, vipande vya pembetatu ndefu: kitako sentimita 1.2, urefu sentimita 30. Anza kuvingirisha upande wa kitako kwenye sindano ya kufumia yenye unene wa milimita 3. Vuta karatasi ikaze, hakikisha ncha inabaki katikati, na sentimita chache za mwisho zipake gundi. Ushanga utanenepa katikati na kuchongoka kidogo pembeni, umbo ambalo kidole kinalishika bila kutafuta. Ukitaka shanga nene zaidi, unganisha vipande viwili. Zile saba za juu tumia karatasi ya rangi tofauti.

Zitunge kwenye waya, zipake vanishi kwa nje, ziache zikauke hadi kesho yake. Vanishi isiingie tunduni.

Hatua ya 2: Fremu

Shika pamoja mbao tatu nyembamba: ya juu, ya kati na ya chini. Weka alama saba kwa mpigo mmoja, kila baada ya sentimita 2, ili matundu yalingane. Toboa kwa msumari uliopashwa moto. Kata spoki vipande vya sentimita 13, zisugue kwa mshumaa, kisha pitisha: ubao wa juu, ushanga mmoja, ubao wa kati, shanga nne, ubao wa chini. Acha sentimita 2.5 kati ya ubao wa juu na wa kati, na kama sentimita 6.2 kutoka wa kati hadi wa chini. Funga pembeni kwa mbao mbili na misumari midogo.

Hatua ya 3: Kusoma

Spoki ya kulia kabisa ni mamoja, kisha makumi, mamia, maelfu, makumi elfu, malaki, mamilioni. Ushanga unahesabiwa pale tu unapogusa ubao wa kati. Kila wa chini ni 1, wa juu ni 5. Shanga zote zikiwa mbali na ubao wa kati, hiyo ni sifuri.

Sasa fungua pochi yako. Kwenye spoki ya mamia, shanga za chini ni sarafu za 100 na ule wa juu ni sarafu ya 500. Kwenye maelfu, chini ni noti za 1,000 na juu ni noti ya 5,000. Kwenye makumi elfu, chini ni 10,000 na juu ni 50,000. Ukisahau kila kitu katika somo hili, hilo likumbuke.

Hatua ya 4: Kujumlisha

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, basi twende polepole. Mteja amechukua sukari ya 3,700 na mafuta ya 4,600.

Weka 3,700: maelfu, pandisha shanga tatu za chini. Mamia, teremsha wa juu na pandisha mbili za chini.

Ongeza 4,600 ukianzia kushoto, kama unavyotamka. Unataka elfu 4, lakini chini umebaki ushanga mmoja tu. Sokoni ungefanyaje kama hujabaki na noti ndogo? Unatoa 5,000, unarudishiwa 1,000. Basi teremsha ushanga wa juu, shusha mmoja wa chini. Maelfu yanasoma 7.

Sasa 600. Kwenye mamia tayari una 7, nafasi haitoshi. Toa 1,000, urudishiwe 400. Kwa hiyo mamia yapunguze 400 kwanza. Lakini una 500 moja na sarafu mbili tu za 100! Chenji tena: iondoe 500 kwa kuipandisha, rudisha 100 kwa kupandisha ushanga mmoja wa chini. Mamia yanasoma 3. Kisha pandisha ushanga mmoja kwenye maelfu, iwe 8.

Jibu: 8,300. Rudia mfano huu mpaka vidole viende bila kuviuliza. Ukiuweza, hakuna jumla itakayokushinda, kwa sababu chenji ni hizo mbili tu: ya 5 na ya 10.

Hatua ya 5: Kutoa

Ni njia ile ile kinyumenyume. Mteja katoa 10,000 kwa bidhaa za 8,300: weka 10,000, ondoa 8,000, ondoa 300. Inabaki 1,700, ndiyo balansi yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Busia: Mwalimu, simu yangu ina kikokotoo. Kwa nini nihangaike na shanga?

Kwa asilimia na kugawanya kurefu, tumia simu, sina ubishi. Kwa kujumlisha bidhaa moja moja, mkono uliozoea hauchoki na hauhitaji chaji, na mteja anaona jumla ikikua mbele yake. Tarehe 12 Novemba 1946, Tokyo, Kiyoshi Matsuzaki wa wizara ya posta ya Japani alishindana na askari wa Marekani, Thomas Wood, aliyetumia mashine ya umeme. Soroban ilishinda 4 kwa 1. Mashine ilichukua kuzidisha pekee. Kasoro ya abakasi ni kwamba haitunzi ulichoingiza: ukikosea katikati, unaanza upya. Kwa hiyo bei ziandike daftarini.

Kutoka Arua: Nauza maharage kwa jumla, wateja wengi wanatoka Ariwara ng'ambo ya mpaka. Kuzidisha vipi?

Vunja namba, anzia kushoto. Kilo 4 za 3,600: elfu 3 mara 4 ni 12,000, weka. Mia 6 mara 4 ni 2,400, ongeza. 14,400. Jedwali la kuzidisha lazima liwe kichwani.

Kutoka Bweyale: Mwanangu wa P3 anachora abakasi yenye vijiti na shanga, hakuna ubao wa kati. Hii haitamchanganya?

Haitamchanganya ukianza na nafasi za tarakimu. Ile ya shuleni inafundisha mamoja, makumi na mamia, na kijiti kinabeba hadi shanga tisa. Mwonyeshe 7 kwenye zote mbili, ya kwake na yako, mpaka aone ni kitu kimoja. Kanuni za chenji zingojee awe anatoa na kujumlisha bila kusita.

Kutoka Jinja: Shanga zangu zinakwama.

Tundu limeingiwa na vanishi, au spoki ina kutu. Pitisha ile sindano ya kufumia tunduni, piga spoki msasa, paka mshumaa tena.

Kutoka Gulu: Dada yangu haoni. Anaweza kutumia?

Anaweza, na vizuri sana. Tim Cranmer, Mmarekani aliyekuwa kipofu, aliwatengenezea wasioona soroban yenye kitambaa nyuma ya shanga ili zisiteleze zikiguswa. Kwenye fremu yako, bandika ubao mwembamba kwa nyuma, juu yake tandika kipande cha blanketi au sponji kinachogusa shanga kidogo. Usiweke mshumaa kwenye spoki zake. Pigilia kijimsumari chenye kichwa cha mviringo kwenye ubao wa kati, baina ya mamia na maelfu, kingine baina ya malaki na mamilioni. Kwa vidole atajua yuko wapi. Mwanzo mpe namba za spoki tatu tu, azisome kwa kupapasa kutoka kushoto, kabla hujamfundisha kujumlisha.