Taa ya LED ya mboga za ndani: roli nzima, volti kidogo

Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hivyo jua tunalo takribani saa 12 kila siku, mwaka mzima. Kinachotunyima ni majengo. Ukiishi ghorofa ya pili kule Pipeline na dirisha lako linatazama ukuta wa jirani, sukuma wiki yako haijui kumekucha. Miche inarefuka kwa pupa, shina linakuwa jembamba, kisha inalala. Ikifika Juni hadi Agosti, mawingu nayo yanakuja kuongeza chumvi kwenye kidonda.

Hapa tunajenga taa ya rafu ya sentimita 60 kwa 30, inayotosha dania, mchicha, spinachi na miche ya sukuma. Taa za zambarau zinazopigiwa debe mtandaoni, ziache. Taa nyeupe ya LED kwa ndani ni kipande cha buluu kilichofunikwa unga wa manjano, na huo unga ndio unaogeuza sehemu ya buluu kuwa kijani, manjano na nyekundu. Mmea unatumia rangi zote hizo, na wewe unaona jani likianza kuugua. Chini ya taa ya zambarau kila jani linaonekana jeusi.

Hatua ya 1: Ununuzi

Shuka Luthuli Avenue au River Road. Ulizia roli ya stripu ya LED (utepe wenye taa ndogo ndogo) ya volti 24 (si 12), mita 5, taa 120 kwa kila mita, nyeupe ya kati ya kelvini 4000 na 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), takribani wati 12 kwa mita. Chukua isiyofunikwa kwa silikoni, maana silikoni hufungia joto ndani. Mwambie muuzaji, "Bosi, niwashie kwanza nione roli yote." Angalia mwisho wa roli: ukiwa hafifu sana kuliko mwanzo, shaba yake ni nyembamba, tafuta nyingine.

Pawa saplai, yaani kifaa kinachoshusha umeme wa ukutani ufae stripu, iwe ya volti 24, ampea 5, ile ya boksi la chuma yenye kiskurubu kidogo cha plastiki cha kurekebisha volti. Kiskurubu hicho ndicho kitakachotufanyia kazi kubwa leo. Ongeza waya wa milimita za mraba 1.5, plagi ya miguu mitatu, fyuzi ya ampea 3 na taima ya soketi. Bamba la alumini utalipata kwa fundi wa madirisha. Mabaki yake huwa bei poa.

Hatua ya 2: Kwa nini roli nzima

Itazame stripu kwa karibu. Baada ya kila taa sita (kwingine saba) kuna rezista ndogo nyeusi (inayozuia mkondo usizidi) na alama ya mkasi. Kila taa hula takribani volti 3, kwa hivyo sita zinakula 18. Volti 6 zilizobaki zinaishia kwenye rezista kama joto. Robo ya umeme wako imeenda bure.

Sasa shusha pawa saplai hadi volti 22. Rezista inabaki na volti 4 badala ya 6, na mkondo unapungua kwa theluthi. Mwanga nao unapungua kwa takribani theluthi, lakini umeme unaotumika unapungua karibu asilimia 40. Isitoshe, taa zinakaa baridi na zinadumu. Ndiyo maana hatukati nusu ya roli na kuisukuma kwa nguvu zote. Tunabandika mita zote 5 na kuziendesha kwa upole. Ukipata stripu ya taa saba kwa kila kipande, afadhali zaidi, kwa sababu kwenye volti 24 rezista yake inabakiwa na volti 3 tu. Hiyo iteremshe kidogo kidogo, ukiangalia mwanga, kwa maana inafifia haraka.

Hatua ya 3: Kubandika na kulehemu

Sugua alumini kwa sabuni, kisha kwa spiriti. Gundi ya stripu haishiki mafuta. Kata roli penye alama ya mkasi upate safu 9 za sentimita 55. Zibandike zikiachana karibu sentimita 3.

Usiziunganishe mkia kwa kichwa kama nyoka, kwa sababu safu ya mwisho itafifia. Pitisha waya mmoja mnene wa chanya ubavuni mwa bamba na mwingine wa hasi, kisha kila safu ilehemu moja kwa moja kwenye nyaya hizo. Paka risasi kwenye shaba ya stripu kwanza, halafu kwenye waya, ndipo uviunganishe. Ukikawia na pasi ya kulehemu, shaba inabanduka. Pima kwa maltimita (mita ya fundi ya kupimia volti) kwamba hakuna waya unaogusana na bamba.

Hatua ya 4: Umeme wa ukutani

Hapa hakuna mzaha. Ubavuni mwa pawa saplai nyingi kuna swichi ya 110 na 220. Iwe 220 kabla ya kuchomeka chochote. Waya wa ardhi ufungwe penye alama yake, na bamba la alumini nalo liunganishwe nao. Skurubu za nyaya zifunikwe, boksi likae pembeni, juu ya usawa wa maji. Huna uzoefu? Mlipe fundi umeme kwa hatua hii peke yake.

Wapo wanaovua kofia ya balbu ya kawaida ili mwanga uongezeke. Unaongezeka kweli, lakini katika balbu nyingi zile taa za ndani zimeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Mkono wenye maji ukigusa hapo, hadithi inaishia hapo.

Hatua ya 5: Kurekebisha

Washa, weka mita kwenye chanya na hasi, zungusha kiskurubu hadi 22 (stripu ya taa saba, kidogo kidogo kama tulivyosema). Baada ya nusu saa gusa bamba kwa nyuma. Ukishindwa kuacha mkono hapo, nyaya zako au volti zina kasoro.

Ning'iniza taa sentimita 20 juu ya majani. Kwa programu ya kupima lux (kipimo cha mwangaza) kwenye simu, kihisi kikitazama juu, miche inataka lux 7,000 hadi 10,000, mboga za majani 12,000 hadi 16,000. Simu si kipimo cha maabara, lakini inatosha. Majani yakianza kupauka juu, pandisha taa. Shina likirefuka, ishushe.

Taima iwe saa 14, kisha giza. Ukutani itakula kama wati 40, yaani takribani yuniti 17 za tokeni kwa mwezi. Pande tatu za rafu zipake rangi nyeupe isiyong'aa, maana mwanga unaokimbilia sebuleni umeulipia.

Ukitamani pilipili hoho, mwanga huu hautoshi. Bandika roli ya pili, ya kelvini 3000, katika nafasi zilizobaki kati ya safu. Pawa saplai ile ile itazibeba zote mbili mradi usiipandishe kupita volti 22.